Asubuhi ya Biolojia

Wifi kumsifu wifi, kwetu Tanga, watu watakuuliza umelishwa nini. Basi niulizeni. Rahila binti Hamad alikuwa mke wa kaka yangu Idarusi, na siku alipoletwa kutoka Pemba nilimtazama juu hadi chini, nikasema moyoni, haya, tumeletewa kijiti cha mchaichai, hiki kitapika nini? Na kweli hakujua kupika. Wali wake ukipindua sufuria hauanguki. Lakini alikuwa mwalimu, tena wa sayansi, na kwa hilo nilimwonea wivu mapema, maana mie Semeni nilikomea darasa la saba na kazi yangu mpaka leo ni bajia na kachori hapa Usagara.

Alifundisha sekondari mpaka mama yetu alipopigwa na kiharusi akawa wa kugeuzwa kitandani. Akaacha kazi amuuguze. Hakuna aliyemwomba, na sisi mabinti wa kuzaa tupo, tunatazamana. Mama alipofariki, nafasi ya Rahila shuleni ilishapata mtu mwingine. Akakaa nyumbani wiki chache kama kuku aliyeondolewa mayai, kisha jirani mmoja akamletea binti yake aliyekatishwa shule, akamwambia, "Mwalimu, huyu anashinda analia, hebu mshughulishe." Hapo ndipo ilipoanzia.

Walikuja mmoja mmoja. Aliyepata mimba kidato cha pili, aliyeolewa na kuachika, aliyeugua mpaka wenzake wakamwacha darasa, na wale ambao baba zao wamesema mwanamke akivunja ungo basi, mlango ufungwe. Rahila aliwafundisha ukumbini kwake, mkekani. Anawapitisha Mtihani wa Maarifa, ule wa waliokatisha shule, kisha anawaandikisha kidato cha nne kama watahiniwa wa kujitegemea, kisha matokeo yakitoka anakaa nao na simu yake yenye kioo kilichopasuka, wanaomba vyuo. Uuguzi, ualimu, maabara, ufamasia. Yeye hakutaka kusikia mtoto kafaulu halafu karudi jikoni. "Kufaulu si mwisho, wifi," aliniambia. "Mwisho ni kulala bweni la chuo na kulalamika chakula kibaya."

Nyumba ikageuka shule, na sisi tukaipata. Ukitaka kiazi cha mchuzi unaambiwa hicho kimelowekwa kwenye maji ya chumvi, kinatazamwa kinavyosinyaa. Ukitaka ndimu, ndimu imo kwenye jaribio la kemia. Kaka yangu alikuwa fundi wa majokofu, mtu mpole kupita kiasi, akirudi kazini anakula wali mkavu na hasemi neno. Mie ndiye niliyekuwa nikisema. "Kaka, umeoa mke au umeoa maabara?" Anacheka tu. "Semeni, mwache. Huyu ana mkono wa baraka." Na kweli alikuwa nao. Lea, binti wa Maramba aliyekuwa amehamia kwa shangazi yake na mtoto mgongoni, leo yuko chuo cha ualimu. Siku alipopata nafasi alituletea muhogo wa kwao gunia zima, tukala muhogo mpaka tukauchukia.

Na Rahila alikuwa na desturi yake moja ambayo ndiyo iliyowafanya wazazi wamwamini. Siku za mtihani humchukua binti kwao kwa mkono wake, humpeleka mpaka mlango wa kituo cha mtihani, kisha hukaa nje kwenye benchi la mlinzi mpaka atoke. Hao si wasichana waliozoea kutoka. Mwingine akimwona msimamizi anasahau hata jina lake. Rahila akikaa pale nje, binti akiinua kichwa dirishani anamwona, moyo unatulia. Mlinzi wa kituo, Luka, alishamzoea mpaka akawa anamtandikia gazeti akalie.

Sasa Azza. Huyu ndiye niliyetaka kuwaelezea, na ndiye ninayeumia nikimtaja.

Azza ni binti wa Mzee Thuwaini, mwenye duka la vitambaa. Kwa asili ni watu wa Oman, ila babu yake babu amezikwa hapa hapa Tanga. Mzee Thuwaini si mtu mbaya, naomba nieleweke vizuri. Mkarimu, mswalihina, hapiti msibani bila kushika jeneza. Ila kwao mtoto wa kike akimaliza la saba hukaa ndani akangoja mume. Dada zake walikaa, mashangazi zake walikaa. Azza naye akakaa. Na Azza alitaka uuguzi na ukunga kuliko alivyotaka kula.

Rahila alimfundisha miaka, baba mtu akidhani ni masomo ya kupitisha wakati tu. Siku ya kumwandikisha kidato cha nne ilipofika, Rahila alivaa buibui lake jipya akaenda kuzungumza naye. Nilimsindikiza, kwa sababu nilitaka kuona atakavyofukuzwa. Hakufukuzwa. Alisema hivi, kwa upole, na macho yake chini: "Mzee Thuwaini, wake zenu wakijifungua mnataka washikwe na wanawake. Sasa hao wanawake watatoka wapi, ikiwa kila mtu kamfungia wa kwake ndani?"

Mzee akavuta ndevu. Mkewe, Bi Shamsiya, alikuwa nyuma ya pazia, na nilisikia bangili zake zikilia, maana alikuwa akijizuia asicheke au asilie, sijui. Mwisho mzee akasema, "Mwalimu, umeniweza. Ataufanya mtihani. Lakini kwa sharti: atatoka na wewe na kurudi na wewe. Mwingine simjui. Na akifeli, nisiombwe tena. Ameshaulizwa mara mbili, na mie sitamzuilia riziki yake." Kuulizwa, maana yake kuna watu wanataka kumposa.

Tuliporudi Rahila aliruka njia nzima. Mwanamke mzima na buibui lake, anaruka vidimbwi vya Usagara kama kitoto. Nikamwambia, "Utateguka mguu, na huyo mtoto atatoka na nani?" Akacheka.

Mtihani ukaanza Novemba. Uraia akaenda, Hisabati akaenda, Kiingereza akaenda, Rahila benchini na tasbihi yake. Azza akitoka macho yanawaka. Ijumaa ile walirudi mchana, Rahila akaniambia yule mtoto akiendelea hivyo chuo kitamlilia. Zilizobaki kubwa zilikuwa Biolojia Jumatatu na Kemia Jumatano. Na kwa chuo cha uuguzi, bila Biolojia hata usigonge mlango.

Ijumaa hiyo hiyo kaka yangu alitoka msikitini, akafika hapo kibarazani, akasema, "Rahila, nipe maji." Alipotoka na kikombe alimkuta ameanguka. Presha. Hakuwahi hata kuyanywa. Innalillahi wa inna ilayhi rajiun.

Sitaki kusema mengi juu ya siku hiyo. Alikuwa kaka yangu wa pekee. Jumamosi tulimzika, na Mzee Thuwaini alikuwa wa mbele kwenye jeneza, kanzu yake imelowa jasho. Rahila akavishwa nyeupe, akakalishwa eda chumbani kwake. Hakulia. Macho makavu, anaitikia salamu za watu kama anayejibu mahudhurio. Wanawake wakaanza kunong'ona, huyu vipi, na mie nikawajibu vibaya, maana siku hizo nilikuwa nimechachamaa na sikuwa na subira na mtu.

Jumapili asubuhi Shekhe Haidar wa msikiti wetu alikuja kutoa pole. Rahila akamuuliza kupitia pazia: "Shekhe, mjane ana ruhusa kutoka mchana kwa haja ya lazima?" Shekhe akasema kama haja ni ya kweli na hakuna wa kumtuma, atoke mchana, arudi alale kwake, Mungu si mgumu hivyo. Nikaona Rahila amepumua kwa mara ya kwanza. Akaniambia, "Wifi, niwekee viatu vyangu karibu. Kesho ni Biolojia."

Alasiri yake akaja Bi Shamsiya.

Sasa nisikilizeni vizuri, kwa sababu hapa ndipo mambo yalipoharibika, na yaliharibika kwa adabu. Sisi watu wa pwani ukinikuta nakula nikakwambia karibu, hukai papo hapo ukachovya. Unasema, "Nimeshiba, nimekula sasa hivi," hata kama tumbo linanguruma. Mie nakushikilia: "Wallahi hutoki hapa hujaonja." Unakataa tena. Nakuvuta mkono. Ndipo unakaa, na unakula kuliko mimi. Hivyo ndivyo tulivyolelewa. Wa kwanza hukataa, wa pili hushikilia, na anayekubali mara moja huonekana mroho, na asiyeshikilia huonekana mchoyo.

Bi Shamsiya alikaa mkekani, akalia pamoja nasi, akasoma Fatiha. Nyumba ya msiba huingii na shida zako, hilo kila mtu analijua. Mwisho akamsogelea Rahila, akamshika mkono, akamwambia: "Mwalimu, kwa Azza usijitie tabu. Wewe una msiba, kaa na msiba wako."

Siku yoyote nyingine Rahila angesema, "La, Bi Shamsiya, kesho nitakuja, wallahi nitakuja." Angelisema mara tatu. Lakini mtu aliyezika mumewe jana hana nguvu ya kushikilia kitu. Akasema, "Ahsante, dada. Mungu awalipe kheri."

Bi Shamsiya akabaki amekaa. Nikampa kahawa, akanywa. Nikampa tena, akanywa. Akainuka, akakaa, akainuka. Nilidhani ni uchungu tu. Kisha akaaga, akaondoka.

Nikamuuliza Rahila, "Sasa kesho huendi?" Akasema, "Mama yake kashasema. Baba yake ameona haya kunitoa edani, atampeleka mwenyewe. Watu waungwana wale, wifi." Akageukia ukuta, akalala.

Jumatatu ilikuwa hitima. Nyumba imejaa, masufuria mawili ya pilau uani, mie macho yamevimba kwa vitunguu na kwa mengine. Katikati ya asubuhi Rahila akaniita. "Wifi, mtihani wanakaribia kutoka. Nenda kanitazamie. Mpelekee maji ya baridi, umwambie namuombea dua, kisha uje uniambie ilikuwaje." Nikavua aproni, nikachukua chupa ya maji, nikadaka bajaji.

Nilifika wanatoka. Wasichana, wavulana, watu wazima, wengine wanacheka, wengine wamekunja nyuso. Nikangoja. Uwanja ukaisha watu. Luka mlinzi akanijia, akanipa pole ya msiba, kisha akauliza, "Mbona leo yule binti wa Mwalimu hakuja? Msimamizi alimwita jina, akatoka mpaka getini kumtazama." Nilihisi maji ya ile chupa yamenimwagikia mguuni na sikujali.

Nilikwenda kwa Mzee Thuwaini mbio, pumzi imenikatika. Mlango ulikuwa umerudishwa tu. Azza alikuwa ukumbini kwenye kiti, amevaa buibui lake na mtandio umebanwa vizuri, kalamu na kitambulisho mkononi. Aliponiona akasimama. Alichoniuliza ni hiki: "Shikamoo, bi. Mwalimu mzima?"

Bi Shamsiya akatoka ndani, uso umemwiva. "Tulimngoja Mwalimu," akasema. "Tangu alfajiri tumekaa hapa."

"Si ulimwambia asijitie tabu?"

"Nilimwambia! Ningemwambiaje mtu mwenye maiti, njoo unichukulie mwanangu? Nilisema vile kwa heshima. Nikangoja aseme la, nitakuja. Nimekunywa kahawa mbili nikingoja." Akaanza kulia. "Hakusema. Nikajua basi, hawezi kusema mbele za watu, lakini atakuja. Mwalimu lazima atakuja."

"Na simu je? Hamna simu nyumba hii?"

"Kupiga simu matangani, Bi Semeni? Kumhimiza mjane?"

Mzee Thuwaini akaingia, ametoka dukani kuja kula. Nikamvaa pale pale, bila salamu. "Mzee, una gari, una miguu, una macho. Kwa nini hukumpeleka mwenyewe?" Akanitazama kama mtu aliyeamshwa. "Ningempeleka vipi? Kazi ile ni ya Mwalimu. Mumewe hajakauka kaburini, mie nionekane nimeshampa mtu mwingine nafasi ya mkewe? Nilijua atakuja, nikaenda dukani niwapishe."

Mficha uchi hazai, wanasema wazee. Siku ile nilitamani kuwapiga wote watatu, Rahila naye ndani, na wa kumpiga simwoni. Kila mmoja alikuwa na adabu yake, na kila mmoja alimhurumia mwenzake. Angekuwepo hata mshenzi mmoja kati yao, mtoto angefanya mtihani. Azza alikuwa bado amesimama, anatuangalia mmoja mmoja. Kisha akafungua pini za mtandio, taratibu, akaenda chumbani kwake.

Kumwambia Rahila nilimwambia mwenyewe, baada ya watu wa hitima kuondoka. Akasema, "Nilikuwa tayari, wifi. Viatu vilikuwa hapo."

Jumatano alitoka. Mjane na nguo zake nyeupe, mchana kweupe, akamchukua Azza mpaka Kemia, akakaa benchini. Mji ukasema! Wako waliosema hata mume hajafika siku saba, yeye yuko barabarani. Mmoja akaja kumsema hapo kwenye bajia zangu, nikamwambia nenda kanunue bajia kwa mwenye adabu, hapa hapana. Rahila akampeleka Azza mpaka karatasi ya mwisho. Na siku ile ya mwisho, mlangoni kwao, aliomba waziwazi mbele ya baba mtu: "Mzee, mwakani arudie Biolojia peke yake. Somo moja tu." Mzee akasema, "Tutaona, Mwalimu."

Matokeo yalitoka Januari. Kemia B. Hisabati C, na wangapi hapa mjini wanaopata hiyo? Kiingereza B. Penye Biolojia pana alama ya asiyehudhuria. Rahila alikuwa bado edani. Alinituma niende nikamsemee, nami nikaenda, nikasema kwa adabu zote nilizonazo, ambazo si nyingi. Mzee Thuwaini alinikaribisha vizuri, akanisikiliza mpaka mwisho. Akaniambia, "Bi Semeni, nilimpa nafasi kwa moyo wangu. Mungu hakupanga. Mtu kaja kutoka Maskati, kijana wa kwetu, Amjad, ana kazi na ana dini. Mwaka mzima nimweke binti ndani kwa somo moja? Na mwakani likitokea lingine?" Hakuwa na ukali. Angekuwa na ukali ningepata la kumjibu. Nilimuuliza kama huyo Amjad atamwacha asome huko. Akasema, "Hayo ni yao."

Harusi ilikuwa Februari. Mjane wa eda haendi harusini, kwa hiyo Rahila alibaki, nikaenda mie na zawadi yake, kitenge na chupa ya manukato ambayo yeye mwenyewe haruhusiwi kujitia. Harusi ilipendeza, sisemi uongo. Azza alikuwa amekalishwa juu, hina imempanda mpaka kwenye viwiko, dhahabu shingoni, kimya kama bibi harusi anavyotakiwa. Wanawake wanapiga vigelegele. Zamu yangu ya kumpa mkono ilipofika niliinama kumbusu, nikamwambia Mwalimu anakusalimu na anakuombea.

Akanishika mkono, hakuniachia. Akanisogezea mdomo sikioni, vigelegele vinapigwa, akaniuliza, "Bi Semeni, Biolojia ilitoka nini?"

Mie na Biolojia wapi na wapi. Nikamwambia, "Sijui, mwanangu." Akasema, "Haya," akaachia mkono, na aliyekuwa nyuma yangu akanisukuma apite yeye.

Nilirudi moja kwa moja kwa Rahila. Alikuwa amekaa kitandani, anangoja. Akauliza bibi harusi alikuwaje, nikamwambia amependeza. Akauliza alivaa nini, nikamwambia. Nilitaka kunyamaza hapo. Lakini nimeshaona kunyamaza kunavyofanya kazi, nikamweleza: kaniuliza Biolojia ilitoka nini.

Rahila akatazama mikono yake. "Nilimuuliza Luka ile Jumatano ya Kemia, akanitafutia karatasi," akasema. "Lilitoka swali la damu. Lilitoka la mimea na mwanga. Na la insha, lile kubwa la mwisho, lilitaka aeleze mtoto tumboni anavyopata chakula na hewa kutoka kwa mama yake."

"Na angeliweza?"

"Wifi," akasema, "angeliandika mpaka akaomba karatasi nyingine."

Hapo ndipo alipolia. Alimlilia Azza, akamlilia na kaka yangu, vyote vikatoka pamoja, sauti ya kusikika mpaka njiani, na majirani wakaja mlangoni wakidhani tumepata msiba mwingine. Niliwaambia warudi makwao, nikafunga mlango, nikapanda kitandani nikamshika.